Linux ya Kutegemewa kwa Sauti na Picha za Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Kiislamu, kuanzia Mombasa hadi vilima vya Taita, kompyuta moja hubeba kazi za jamaa wote. Mama huandaa humo kadi za harusi na mabango ya futari. Binti hurekodi kaswida za madrasa. Baba huhifadhi mawaidha. Kwa familia iliyoko Wusi, upande wa Mwatate, kompyuta hiyo ikikwama si jambo dogo. Fundi hayuko mlango wa pili, na kutoka Voi hadi Mombasa peke yake ni takriban kilomita 150.

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, nazo kompyuta nyingi kuukuu hazikidhi masharti ya Windows 11. Wapo wanaokimbilia programu za kulipiwa zilizovunjwa kufuli. Njia hiyo ina madhara mawili: hubeba virusi, na hutumia jasho la mtu pasipo ridhaa yake. Mzazi amfundishaye mwanawe amana hawezi kulifumbia macho hilo. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, hutolewa kwa leseni inayoruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa jirani. Hapa halali na nafuu vimekutana.

Ugumu ni kwamba Linux si moja. Huandaliwa na makundi mengi, kila kundi likiwa na mkusanyo wake uitwao distro, na kijana wa nyumbani aweza kupoteza mwezi mzima akihama kutoka huu kwenda ule. Twapenda ieleweke mapema kwamba programu za ubunifu ni zile zile karibu katika kila distro: Audacity na Ardour kwa sauti, GIMP kwa kusafisha picha, Inkscape kwa nembo na mabango, Krita kwa kuchora, Kdenlive kwa video. Linalotofautiana ni msingi ulio chini yake, na swali la kuuliza ni hili: msingi huo utatunzwa kwa muda gani?

Debian, iliyoanza mwaka 1993, hutoa toleo jipya takriban kila miaka 2, na kila toleo hupata marekebisho ya usalama kwa muda wa miaka 5 hivi. Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hutoa toleo la muda mrefu kila baada ya miaka 2, nalo hutunzwa kwa miaka 5. Linux Mint imejengwa juu ya matoleo hayo. Ubuntu Studio, iliyopo tangu 2007, huja na zana za sauti, picha na video zikiwa tayari ndani; toleo lake la muda mrefu hutunzwa kwa miaka 3. Matoleo ya katikati hutunzwa kwa miezi 9 tu, basi yafaa kuyaepuka. Zipo pia distro kama Arch, zinazobadilika wakati wote. Hizo ni za mwenye ujuzi na nafasi. Si za nyumba ambayo maulidi ni kesho na sauti imekataa leo.

Kwa hiyo, kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 au zaidi, twashauri Ubuntu Studio ya muda mrefu. Yenye gigabaiti 4 itatulia zaidi kwa Debian au Linux Mint yenye mandhari nyepesi ya Xfce, kisha ziongezwe programu mbili tatu zinazohitajika.

Kuhusu sauti, wengi hutishwa na neno la ucheleweshaji. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu. Fungu la sampuli 1,024, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, huchukua kama milisekunde 21. La sampuli 128 huchukua chini ya 3. Fungu dogo huwahi, lakini mashine dhaifu ikishindwa kulifuata, sauti hukatikakatika. Anayerekodi mawaidha hana haja ya haraka hiyo: aweke fungu kubwa, apate sauti safi. Fungu dogo humfaa anayejisikiliza kupitia kompyuta huku akiimba kiitikio juu ya sauti iliyokwisha kurekodiwa.

Kuhusu picha, matoleo ya sasa ya CorelDRAW na Photoshop hayatengenezwi kwa Linux, na wachapaji wengi huyatumia. Dawa yake ni kumpelekea mchapaji faili ya PDF badala ya faili ya kazi, na kuomba nakala moja ya majaribio. Rangi za kioo na za karatasi hazilingani, na kadi 300 zikishachapwa hazirudi.

Kabla ya kufuta chochote, distro iwekwe kwenye flashi, kompyuta iwashwe kutoka humo, yajaribiwe maikrofoni, spika, intaneti na printa. Faili ya kupakua ni gigabaiti kadhaa, mzigo mzito kwa bando la simu. Mwanafunzi aliye karibu na intaneti nzuri, kama pale Chuo Kikuu cha Taita Taveta huko Ngerenyi, aweza kuileta, na flashi hiyo moja ikahudumia mtaa mzima. Picha na rekodi za familia zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje.

Baada ya hapo, ndugu zetu, tutulie na tulichochagua. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Binti wa Wusi aliyejua vyema programu moja ya sauti ataihifadhi sauti ya bibi yake akimsomea wajukuu dua, na sauti hiyo, ikipotea, haina duka inakouzwa.