Macho mbele ya ekrani, mikono mbele ya mashini

Ndugu mutumikaji, na wewe mama unayemungojea nyumbani,

Kijana mumoja wa buro ya desen alikuja kwenye dispansere mara tatu katika mwezi mumoja. Macho mekundu, kichwa kinamuuma mangaribi, shingo ngumu kama mbao. Mara mbili tulimupa dawa ya matone, akarudia kazi. Mara ya tatu niliona haya kumupa chupa ingine. Nikamuambia: twende, unionyeshe pahali unapotumikia.

Baba yako, kama alikuwa desinatere, alisimama mbele ya meza kubwa iliyoinama, na rula, karayo na gomu. Alipokosa, alifuta. Mugongo ulimuuma, lakini alitembea, aliinama, alizunguka meza. Leo meza zile zimetoka. Kuko ordinatere.

Mambo haya hayakuanza jana. Katika mwaka 1952, kule Marekani, kwenye shule kubwa ya MIT, walionyesha mashini ya kukata chuma iliyoongozwa na kanda ya karatasi yenye matundu. Mwaka 1963, kwenye shule ile ile, Ivan Sutherland alionyesha programu yake Sketchpad: alichora juu ya ekrani na kalamu ya mwangaza. Kule Ufaransa, Dassault, watengenezaji wa ndege, walianza programu yao katika mwaka 1977. Ndiyo iliyokuja kuitwa CATIA. Wakati ule ni makampuni makubwa tu yaliyoweza kununua vyombo vile. Kiisha, mwaka 1982, AutoCAD ikatoka kwa ajili ya ordinatere ndogo za kuweka juu ya meza, na hata atelie ndogo ikaanza kuchora hivyo. Mwaka 1995 ikaja SolidWorks, inayotumika na Windows, na ndani yake mutu anajenga kipande kizima, anakigeuza pande zote mbele ya chuma kukatwa. Boeing 777, iliyoruka mara ya kwanza katika 1994, ilichorwa yote kwa ordinatere.

Vizuri sana! Lakini wewe turnere, sikiliza. Desen ile inatoka buro inaingia ndani ya mashini, na mukono wako haushiki tena manivela. Unasimama mbele ya mulango wa kioo. Mashini ya zamani ilikungojea wewe. Hii ya leo inangojea programu tu. Inaweza kutulia kidogo, ukazani imekwisha, kumbe inabadilisha kisu. Kwa hiyo usifunge kontakti ya mulango na waya ili ikaze kuzunguka mulango ukiwa wazi. Niliwahi kufunga jeraha la mutu aliyefanya hivyo, na vidole viwili havikurudi. Programu mupya, ipitishe kwanza pole pole, bila kipande, mukono karibu na butoni nyekundu.

Tena usiamini hesabu kwa sababu tu imetoka ndani ya ekrani. Kule Norvege, tarehe 23 Agosti 1991, musingi mukubwa wa beton wa Sleipner A, uliotengenezwa kwa kubeba mitambo ya petroli baharini, ulipasuka na kuzama. Mainjinia walikuwa wamehesabu nguvu kwa ordinatere, lakini waligawanya ukuta katika vipande vikubwa mno. Nguvu moja ikatokea pungufu kwa 47 kwa mia. Ordinatere ilijibu kile ilichoulizwa. Hakuna mutu aliyekufa siku ile.

Turudie kwa kijana wetu. Ekrani yake ilitazama dirisha, na jua la saa nane lilimurudia usoni. Iliwekwa juu sana, kwa hiyo alinyanyua kidevu siku nzima. Tuligeuza meza, mwangaza ukatoka kando. Tulishusha ekrani mpaka upande wake wa juu ukalingana na macho, umbali wa mukono ulionyooshwa. Mutu anayekaza macho juu ya ekrani anasahau kupepesa, jicho linakauka, linawaka. Kwa hiyo nilimupa sheria hii: kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali metre 6, sekunde 20, na upepese. Kila saa simama, hata kama ni kwenda kunywa maji. Ekrani haiharibu jicho, inalichosha. Lakini jicho lenye kasoro ya zamani linajifunua pale. Yake ilikuwa hivyo: munganga wa macho alimuandikia miwani. Alikuwa ameogopa miwani, alisema rafiki zake watamuita muzee.

Mama, kama bwana wako anarudi kila siku na kichwa kikimuuma, usikimbilie aspirini kila mangaribi. Mutume kwetu.

Kijana yule nilimuona tena kwenye dispansere mwezi uliopita, na miwani yake puani. Alileta mutoto wake mwenye homa.