Usiuze mbaazi ingali maua: mchuuzi na mkulima wanavyobebana kwenye kikundi



Kila mwaka ikifika Juni, ukitoka Babati mjini kushika barabara ya Kondoa, mashamba ya pembeni yanakuwa ya njano. Mahindi yanaelekea kuvunwa na mbaazi iliyobaki imechanua. Mgeni akipita hapo anasimamisha gari apige picha. Mimi huwa naangalia bodaboda. Ukiona bodaboda inaingia kwa mkulima, aliyepakiwa ameshika daftari na hana mzani, ujue kuna mbaazi inanunuliwa kabla haijaweka hata punje.

Leo nataka tuzungumze juu ya hilo daftari. Ila kwanza niseme kosa langu mwenyewe, maana wapo wasomaji wangu wa huku ambao wanalikumbuka vizuri.

Msimu wa 2016/17 nilikuwa bado mgeni kazini, stashahada yangu haijapata vumbi. Bei ya mbaazi ilikuwa imepanda sana, watu walikuwa wanauza kilo kwa zaidi ya shilingi 2,000. Mimi nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikawaambia wakulima waongeze eneo. Wapo walioniamini wakaacha kuchanganya na mahindi, wakapanda mbaazi tupu. Tarehe 5 Agosti 2017, mbaazi ikiwa inaanza kukauka shambani, India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi inayoingia kutoka nje. Bei ikaanguka mpaka kilo ikawa ya shilingi mia chache, na hata kwa bei hiyo mnunuzi hakuonekana. Mwezi ule nilipita kwa mama mmoja nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, halafu akanionyesha magunia: "Bwana shamba mwanangu, hizi ni zako, uzichukue. Sisi siyo watu wa pwani wa kula mbaazi za nazi kila siku."

Sikuwa na jibu, na kwa kweli hata leo sina la kumridhisha. Nilichojifunza ni kwamba nilijua nafasi ya kupanda na dawa ya funza wa vitumba, lakini sikujua mbaazi yetu inaenda kuliwa wapi na lini. Sehemu kubwa inaenda India. Wao wanavuna ya kwao kuanzia Desemba na kuendelea. Sisi tunavuna Agosti hadi Oktoba, yaani wakati maghala yao yamepungua. Hiyo ndiyo bahati yetu. Mwaka 2015 walikuwa na ukame, bei ikapaa. Mvua za 2016 zikawa nzuri, wakavuna nyingi, wakafunga mlango. Wakaja kuufungua tena Mei 2021. Ufunguo wa mlango huo hauko Babati, kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza "bei itakuwaje mwaka huu?" simtabirii.

Ninachoweza kumsaidia ni kwenye jambo lingine, na ndilo lile la daftari. Mimi nimeona, miaka mingi kuliko ile ya bei mbaya, mkulima wa huku anapoteza hela yake Juni na Julai kwenye bei nzuri kabisa. Anapoteza kwa sababu ya kalenda. Mbaazi yetu ya muda mrefu inakaa shambani miezi minane hadi tisa. Ikiwa kwenye maua ndipo inataka dawa ya funza, shule zinafungua Julai, na mahindi ya kuuza bado hayajakauka. Yule wa bodaboda anaijua hiyo kalenda kuliko sisi maafisa ugani.

Chukua mfano. Mama ana shamba litakalompa kilo 500. Shida yake Julai ni shilingi 150,000. Mwenye daftari hanunui robo ya shamba, anataka lote, kwa shilingi 600 kilo. Mama anapokea 300,000, anatatua shida, nyingine inaisha yenyewe kama hela zinavyoisha. Septemba bei inakuwa 1,200 baada ya makato. Shamba lile lile limezaa 600,000, na nusu yake imekwenda kwa mtu ambaye hakushika jembe.

Sasa mama huyo angekopa hiyo 150,000 kwenye kikundi chake kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, kwa miezi mitatu riba ni 22,500. Anabaki na 577,500, ambayo ni 277,500 zaidi ya yule aliyeuza kwenye maua. Hata bei isingepanda sana, ikifika 645 tu wanakuwa wamelingana.

Utaniambia: bwana shamba, vikundi tunavyo, tena kila kitongoji, mbona watu bado wanauza maua? Swali zuri. Nilikaa na vikundi kadhaa nikaomba wanifungulie madaftari yao ya hisa, nikaona vitu viwili.

La kwanza, kikundi cha wakulima watupu kina njaa siku moja. Wote wanataka kukopa Julai, wote hawana hisa ya kuweka Julai. Sanduku lina kufuli tatu na ndani kuna vumbi. Mfumo huu wa sanduku, ambao shirika la CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991, unategemea kwamba wakati mmoja anahitaji, mwingine anaweka. Wote mkiwa na mbaazi, nani anaweka?

Kikundi kimoja nilichokuta kinapumua kilikuwa na mchanganyiko, tena haikuwa kwa mpango wa mtu. Ni akina mama waliosali pamoja. Wengine wanalima, wengine wana biashara mjini: wa samaki wa Ziwa Babati, wa mama lishe pale stendi, wa mitumba, mmoja anachoma chapati. Mchuuzi anapata hela kidogo kila siku, hivyo hisa yake ya wiki haikosi hata Aprili wakati mkulima amekauka. Mkulima anapata hela mara moja, lakini ikija ni nyingi, na inakuja wakati mchuuzi anataka kujaza bidhaa za Krismasi. Wanabebana. Mama wa samaki aliniambia alikuwa anawaona wakulima kama mzigo kwenye kikundi, kila siku wao ndio wakopaji. Akabadilika mwaka alipochukua mgao wake, akakuta riba kubwa ya mwaka ule imetoka kwenye mikopo ya mbaazi.

La pili ni tarehe ya kuvunja kikundi. Karibu wote wanagawana Desemba. Naelewa, sikukuu ni sikukuu. Lakini ukianza upya Januari, Julai sanduku lina miezi sita tu, na Januari yenyewe watu wamelipa ada, hisa ni za kubahatisha. Hawa akina mama niliwashauri wavunje mwanzoni mwa Novemba. Walibisha mikutano mitatu. Bibi mmoja aliuliza nyama ya Krismasi atanunua na nini. Mwisho wakakubali kujaribu. Novemba mkulima anapokea mgao wakati wa kulipia trekta na mbegu, mchuuzi anaingiza mzigo mapema, na Julai inayofuata sanduku lina miezi minane. Pia wakaweka sheria: Februari hadi Mei wachuuzi wakope watakavyo, lakini marejesho yote yawe ndani mwisho wa Mei, ili Juni pawepo hela ya wenye mbaazi.

Haikwenda laini. Mwaka wa kwanza mwanachama mmoja alikopa kwa ajili ya mbaazi, halafu akauza maua vilevile. Alikula pande mbili. Wadhamini wake wawili ndio waliolipa, na mmoja alikuwa mama wa chapati. Kikundi kilitaka kufa pale. Kilichowaokoa ni kwamba sasa, kabla ya mkopo, watu wawili wanakwenda shambani kuiona mbaazi, na wanarudi tena Agosti. Mimi hiyo kazi niliikataa. Wakinifanya mimi ndiye polisi, siku nikihamishwa inakufa.

Jambo ambalo nalisisitiza mpaka wananichoka: pigeni hesabu ya mkopo kwa bei mbaya. Kilo 500 kwa shilingi 400 ni 200,000. Kwa hiyo mama yule akikopa 150,000 na riba yake, hata mwaka ukiharibika analipa. Akikopa 300,000 kwa sababu jirani kasema bei itafika 2,000, hapo tunarudi 2017, safari hii na deni juu.

Mtu mwingine anauliza kuhusu mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ni mkopo mzuri, hauna riba, uombeni. Lakini kumbukeni ulisimamishwa Aprili 2023 ukarudi 2024, na vikundi vilivyokuwa vinausubiri kama mvua vilisambaratika katikati. Halafu angalieni, kikundi cha mchanganyiko wa baba na mama hakiombi kwenye fungu la wanawake. Hawa wenzetu wote ni wanawake, hawana shida hiyo. Na kikundi kiwe kimesajiliwa, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka hivyo.

Kwenye soko lenyewe, siku hizi mbaazi inapita AMCOS, stakabadhi ghalani, na minada ya TMX. Najua malalamiko: foleni, makato, hela kuchelewa kuingia kwenye akaunti. Mengine ni ya kweli. Ndiyo maana mkopo wa mbaazi usiandikwe kulipwa "Agosti 30". Andikeni "baada ya malipo ya mnada", na wekeni mwisho Oktoba. Peleka mbaazi kavu, iliyopepetwa. Wanaosubiri mnada wa pili watumie mifuko ya PICS, kwa sababu bungua anakula uzito na wewe unalipwa kwa uzito. Na msimu ujao mwenye shamba la mnyauko aulize mbegu ya Mali au Tumia, achanganye na mahindi. Sitamwambia tena mtu apande mbaazi tupu.

Yule mama wa magunia ya 2017 yumo kwenye kikundi hicho. Hajanisamehe kabisa, akiniona bado ananiita "bwana mbaazi". Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye mkutano wao. Aliomba 120,000, ya dawa na sare ya mjukuu. Katibu akamuuliza shamba lina kilo ngapi, akasema 400. Mama wa samaki akapiga hesabu kwenye simu kwa shilingi 400 ile ile, akaongeza riba, akasema inatosha, nenda katie sahihi. Nje bodaboda ilikuwa imesimama chini ya mti, jamaa anasubiri mkutano uishe.