Maji ya Bomba au ya Chupa: Msafiri Achague Yapi?

Msafiri anaposhuka kituo cha mabasi akiwa na kiu, mbele yake kuna bomba lisilo na malipo na maji ya chupa yanayouzwa dirishani. Wengi huamini kuwa ya chupa ni salama daima na ya bomba ni machafu daima. Imani zote mbili zina kasoro.

Maji ya bomba yaliyotibiwa hutiwa klorini, na kiasi kidogo chake hubaki ili kuyalinda njiani. Ulinzi huo hudhoofika pale maji yanapokatika mara kwa mara, kwa kuwa presha ikishuka uchafu huweza kupenya kwenye bomba lenye ufa. Tangi lisilosafishwa nalo huharibu maji yaliyotoka mtamboni yakiwa safi. Hivyo inafaa msafiri amuulize mwenyeji wake: je, maji hutoka kila siku, na tangi lilisafishwa lini?

Maji ya chupa hutegemea uaminifu wa muuzaji. Kabla ya kulipa, mnunuzi akague kama lakiri ya kifuniko haijakatwa, kama ipo alama ya ubora ya TBS na kama muda wa matumizi haujapita. Chupa iliyofunguka bila lakiri kukatika huenda imejazwa upya. Barafu nayo ni maji. Isiyojulikana chanzo chake iachwe.

Pasipokuwa na uhakika, maji yachemshwe. Yakishatokota sana, yaachwe dakika moja kamili; katika maeneo yaliyo juu zaidi ya mita 2,000, dakika tatu. Yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Hata hivyo, kuchemsha huua vijidudu tu. Hakuondoi madini ya floraidi, yanayopatikana kwa wingi katika baadhi ya visima vya Arusha na Manyara. Kwa mgeni wa siku chache hilo si tatizo kubwa, bali kwa watoto wanaokulia huko, meno huharibika.

Tahadhari hizi si za anasa. Kipindupindu kisipotibiwa huweza kuua ndani ya saa chache, na mtoto mdogo hupungukiwa maji mwilini upesi. Anayeharisha akiwa safarini apewe ORS iliyochanganywa kwa maji salama, na afikishwe kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri mwisho wa safari.