Alama za Kisii

Mwezi wa Februari 2023 nilikwenda Nyamira kumzuru rafiki niliyesoma naye chuo cha ualimu. Huku ni chai, huku migomba, na baridi yake si mchezo kwa mtu wa Mombasa.

Siku hizo Kenya nzima ilikuwa na gumzo moja. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2022 yalitangazwa Januari 20, 2023, na baadhi ya shule za Kisii na Nyamira zikapanda ghafla hata watu wakashuku. Bungeni, kamati ya elimu ikaingia katika uchunguzi. Waziri wa elimu wa wakati huo, Bwana Ezekiel Machogu, naye mwenyeji wa Kisii, aliyatetea matokeo.

Lililolalamikiwa hasa ni hili: karatasi za mchana zilifika shuleni asubuhi, pamoja na za asubuhi. Ikadaiwa zilifunguliwa mapema, zikapigwa picha na kusambazwa kwa simu. Kuanzia mtihani wa 2023, karatasi za mchana zikawa zafuatwa kwenye kontena kwa safari ya pili.

Wala tusiwacheke Wakisii peke yao. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 nchini yalifutwa. Ulinzi ulipokazwa 2016, waliopata A kamili walikuwa 141 tu, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 2,600. Sisi watu wa pwani tunalijua neno ghushi: muuza maziwa akitia maji, hata maziwa safi ya jirani yake hayanunuliwi.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Binti wa mwenyeji wangu alipata B katika shule ndogo ya kutwa ambayo hakuna aliyeitaja kwa ubaya. Tulikuwa twanywa chai, simu ikalia. Ami yake, kutoka Nairobi. Akampongeza, kisha akauliza kwa kicheko, "Karatasi mlinunua kwa bei gani?"

Binti hakujibu. Alimrudishia babake simu, akaingia ndani, akatoka amekumbatia madaftari. Hesabu, kemia, Kiswahili. Mengine majalada yameng'oka. Akayaweka mbele yangu.

"Mwalimu, tazama."

Nikayafungua. Maswali ya hesabu yamefanywa, yamekosewa, yamefanywa tena kwa wino mwingine. Babake alitazama nje. Kwa kweli mimi, niliyesahihisha madaftari miaka mingi, nilikuwa nimekuja pale na shaka yangu moyoni, nami nikaona haya.

Sheria ya baraza la mitihani ya 2012 ina vifungo na faini kwa mwenye kuvujisha karatasi. Kwa binti huyu haina kifungu.

"Wa chuo kikuu nao wataniuliza hivyo?" akasema.

Nilimwambia hawatauliza. Akayakusanya madaftari, akayarudisha ndani ya gunia, nyuma ya mahindi.