Ukuta unagongwa mbele ya kununua

Kwenye mlango wa jumba moja la zamani, katikati ya mji wa Lubumbashi, kulibandikwa karatasi: « Dupleksi inauzishwa, imetengenezwa upya. » Tuliingia kuiona, kwa sababu wasomaji wetu wengi wa kambi, wale wanaongojea malipo ya mwisho ya kazi, wanatuuliza kila mara: « Hizi franga tutazitia wapi? »

Chini iko salon kubwa, jiko na choo. Unapanda ngazi ya mbao iliyo ndani ya nyumba yenyewe, na juu unakuta vyumba vitatu vya kulala na baraza inayotazama miti ya jakaranda. Vigae vya zamani wamevisugua mpaka vinang'ara. Madirisha ni mapya, rangi pia.

Hatukuwa peke yetu. Mzee mmoja, aliyefanya kazi chini ya mgodi kule Kipushi, alikuja na mke wake. Mama alisimama kwenye baraza, akatazama barabara kwa muda. « Babu yangu alipitaka huku chini mchana tu, akasema. Usiku alipashwa kuwa amekwisha kurudi cité. »

Alisema kweli. Mji huu ulianza mwaka 1910, mwaka ule reli ilipofika kutoka kusini. Mwaka 1911 kiwanda kikamwaga shaba yake ya kwanza. Wakoloni wakaukata mji kwa mbili: Wazungu huku, Weusi kule, na katikati kipande cha udongo pasipo nyumba, walichokiita cordon sanitaire, eti sababu ya magonjwa. Shaba ndiyo ilisimamisha kuta hizi, lakini waliyoichimba hawakulala ndani yake. Ndiyo maana tunaelewa hamu ya mama huyu.

Lakini hamu isitufumbe macho. Mzee alipanda juu, akakunja kidole, akaanza kugonga ukuta polepole. « Chini ya mgodi, mbele ya kusimama, unagonga mwamba na chuma, alituambia. Ukilia mgumu, unafanya kazi. Ukilia tupu, unatoka. » Karibu na dirisha la chumba cha mwisho, ukuta ulilia tupu. Rangi ilikuwa nzuri, lakini nyuma yake maji yalikuwa yamekwisha kupita. Komisioneri akanyamaza.

Basi, ndugu zetu, anayenunua nyumba ya zamani aitembelee wakati wa mvua, si wakati wa jua tu. Afungue robine za juu, aone kama maji yanapanda. Aulize mabomba ya chuma yamebadilishwa ao yamefichwa tu. Na kwa kuwa paa na ngazi ya jumba ni ya wote, aulize nani analipa siku paa linapovuja.

Halafu, makaratasi. Kwa sheria ya mwaka 1973, udongo ni mali ya Serikali; sisi tunapata haki ya kuutumia, na haki hiyo inashuhudiwa na certificat d'enregistrement. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa nyumbani, hata mbele ya mashahidi kumi, haitoshi. Nenda mwenyewe kwa conservateur des titres immobiliers, uulize jina gani liko ndani ya kitabu, na kama nyumba imewekwa rehani. Kama mwenye nyumba amefariki, warizi wote wakubali. Kama ameoa, mke wake akubali naye. Na makuta yasitoke mkononi mbele ya hayo yote kujulikana.

Tunajua komisioneri atakuambia: « Harakisha, mwingine anakuja na franga jioni hii. » Mwache huyo mwingine aje. Makuta ya miaka makumi mawili chini ya udongo hayatolewi kwa saa moja.

Mama alishuka ngazi akishika mbao kwa mkono wote, kama mtu anayeaga. Mzee akamwambia komisioneri: « Utuonyeshe certificat, na utengeneze ule ukuta. Mvua ya kwanza ikinyesha, tutarudi. »

« Tutarudi kweli? » mama akauliza mlangoni.

« Tutarudi, mzee akajibu. Na nitagonga tena. »