Ulinzi wa majengo ya kale nchini India

Ulinzi wa majengo ya kale nchini India ni jukumu la serikali la kutunza mahekalu, misikiti, makaburi, ngome, mapango na magofu yenye umuhimu wa kihistoria. Karibu majengo na maeneo 3,700 yametangazwa kuwa na umuhimu wa kitaifa, nayo yako chini ya Idara ya Akiolojia ya India (kifupi: ASI). Mengine yako chini ya serikali za majimbo, na mengi hayana ulinzi wowote wa kisheria.

Jambo linalobishaniwa zaidi ni sheria inayokataza ujenzi mpya ndani ya mita 100 kutoka jengo linalolindwa. Kwa kuwa India ina watu wengi na miji yake mingi imekua juu ya miji ya kale, eneo hilo mara nyingi ni makazi ya watu.

Historia

ASI ilianzishwa mwaka 1861, wakati wa utawala wa Waingereza, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Alexander Cunningham, mhandisi wa jeshi. Sheria ya kwanza ya kuhifadhi majengo ya kale nchini kote ilitolewa mwaka 1904, wakati gavana mkuu alipokuwa Lord Curzon. Chini ya uongozi wa John Marshall, mwaka 1924 idara ilitangaza kugunduliwa kwa ustaarabu wa Bonde la Indus, uliofukuliwa huko Harappa na Mohenjo-daro.

Baada ya mgawanyo wa mwaka 1947 miji hiyo miwili ilibaki upande wa Pakistan. Wanaakiolojia wa India waliendelea kutafuta mabaki ya ustaarabu huohuo ndani ya mipaka mipya, wakapata maeneo kama Lothal na Dholavira katika jimbo la Gujarat.

Katiba na sheria

Katiba ya India inagusa suala hili mahali kadhaa. Kifungu cha 49 kinaitaka dola ilinde majengo na mahali penye umuhimu wa kitaifa. Kifungu cha 51A kinamtaka kila raia athamini na kuhifadhi urithi wa utamaduni wa nchi. Madaraka yamegawanywa: majengo yaliyotangazwa na Bunge kuwa ya kitaifa ni ya serikali kuu, na yasiyotangazwa hivyo ni ya majimbo.

Sheria inayotumika sasa ilipitishwa mwaka 1958. Kwa mujibu wake, jengo linaweza kuhesabiwa kuwa la kale likiwa limekuwepo kwa muda usiopungua miaka 100.

Eneo la marufuku

Mwaka 1992 serikali ilitangaza kwamba mita 100 kuzunguka kila jengo linalolindwa ni eneo la marufuku, na mita 200 zinazofuata ni eneo la udhibiti, ambako ujenzi unahitaji kibali. Hata hivyo, kamati ya wataalamu ilitoa vibali vya kujenga ndani ya eneo la marufuku. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba vibali hivyo havikuwa na msingi wa kisheria.

Bunge lilijibu kwa marekebisho ya mwaka 2010. Mipaka hiyo iliingizwa katika sheria yenyewe, na Mamlaka ya Taifa ya Majengo ya Kale ikaundwa ili kushughulikia maombi. Tangu hapo mwenye nyumba ndani ya mita 100 anaweza kuomba kibali cha kuikarabati, lakini hawezi kujenga mpya. Anayevunja sheria anaweza kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini.

Marufuku hiyo inaihusu pia serikali. Muswada uliokusudia kuruhusu miradi ya umma, kama barabara, ndani ya mita 100 ulipitishwa na Lok Sabha mwanzoni mwa mwaka 2018, lakini haukukamilishwa na Rajya Sabha.

Wanaounga mkono kipimo hicho husema kuwa kinazuia maghorofa kulisonga jengo la kale na mitikisiko ya ujenzi kuharibu misingi yake. Wanaokipinga husema kuwa kipimo kimoja hakiwezi kufaa hekalu maarufu na jiwe la kaburi lililo katikati ya kijiji. Mwaka 2023 kamati ya Bunge ilipendekeza kipimo hicho kitazamwe upya.

Taj Mahal na viwanda

Hatari nyingine hutoka mbali zaidi ya mita 100. Mwaka 1984 wakili M. C. Mehta alifungua kesi katika Mahakama Kuu Kabisa ya India akidai kwamba moshi wa viwanda vya Agra na jirani unaharibu marumaru nyeupe ya Taj Mahal. Hukumu ya Desemba 1996 iliviagiza viwanda 292 viache kutumia makaa na kuhamia gesi asilia, au viondoke katika eneo la kilomita za mraba 10,400 kuzunguka jengo hilo. Mahakama iliagiza pia kwamba wafanyakazi wa viwanda vitakavyohama walindwe katika ajira na malipo yao.

Majengo yaliyopotea

Sheria kali haitoshi bila walinzi. Mwaka 2013 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliripoti kwamba majengo 92 yaliyoorodheshwa hayakuonekana yalipopaswa kuwa. Baadaye ASI ilitambua mahali pa sehemu yake, lakini 14 yalikuwa yamemezwa na miji, 12 yalikuwa chini ya maji ya mabwawa, na 24 hayakupatikana.

Mwaka 2024 ASI ilianza kuyaondoa 18 katika orodha. Mojawapo ni mnara wa Mujesar, jimboni Haryana, uliokuwa miongoni mwa minara ya kuonyesha masafa kando ya barabara kuu za Dola la Moghul. Jengo likiondolewa katika orodha, marufuku ya ujenzi kuzunguka mahali pake huisha pia.

Urithi wa Dunia

India iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1977. Mwaka 1983 Taj Mahal, Ngome ya Agra na mapango ya Ajanta na Ellora yaliingia katika orodha ya UNESCO, na kufikia Julai 2025 India ilikuwa na maeneo 44.

Hadhi hiyo huja na masharti. Magofu ya Hampi, katika jimbo la Karnataka, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia mwaka 1999 hadi 2006 kwa sababu ya ujenzi wa madaraja karibu nayo. Mwaka 2011 familia zilizoishi na kufanya biashara katika soko la kale mbele ya hekalu la Virupaksha ziliondolewa na vibanda vyao kubomolewa.

Katika mitihani ya utumishi wa umma

Mtihani wa kuajiri maafisa wa utumishi wa umma wa India una karatasi zinazohusu urithi na utamaduni, pamoja na katiba na utawala. Ulinzi wa majengo ya kale huunganisha mada hizo zote. Pia ni kazi inayowasubiri watakaofaulu, kwa kuwa maafisa wa wilaya ndio wanaotakiwa kusimamia ubomoaji wa majengo yaliyojengwa kinyume cha sheria.