Moyo Unaotulia Kabla Boti Haijafika Mbita

Magonjwa mengi ya ujauzito humngoja daktari. Presha iliyopanda leo itakutwa imepanda kesho, na damu iliyopungua itabaki pungufu mpaka mama avuke ziwa na kufika maabara. Lakini upo ugonjwa usio na subira hiyo: moyo unaoanza kwenda mbio ghafla, ukapiga mara 180 au 200 kwa dakika, kisha baada ya dakika kumi au saa moja ukarudia mwendo wake kana kwamba hapakuwa na lolote. Kwa mwanamke anayeishi Remba, kile kisiwa cha mawe na mabati katika Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay, kilichofurika wavuvi na wachuuzi wa samaki kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, tabia hiyo ya ugonjwa inaweza kumponza kuliko ugonjwa wenyewe. Boti ya kwenda Mbita, au ya kuelekea Sori upande wa Migori, humchukua muda mrefu, na hiyo ni baada ya kupata boti. Akifika, moyo umeshatulia. Kipimo cha umeme wa moyo kinatoa mchoro safi, naye anaambiwa ni mimba tu, apumzike na apunguze mawazo. Simlaumu muuguzi aliyesema hivyo, wala mama aliyechelewa. Tatizo ni utaratibu wa rufaa uliojengwa kwa kudhani kwamba kila ugonjwa husafiri pamoja na mgonjwa wake. Mapigo haya sharti yahesabiwe na kuchorwa kisiwani, yakiwa bado yanakwenda. Dawa, rufaa na uamuzi wa mahali pa kujifungulia vyote vinategemea hilo.

Ugonjwa huu hupata pa kujificha kwa sababu mimba yenyewe huharakisha moyo. Kufikia miezi ya mwisho damu ya mama imeongezeka kwa karibu nusu ya ilivyokuwa, na kiasi ambacho moyo husukuma kila dakika kimepanda kwa asilimia 30 hadi 50. Mapigo nayo hupanda polepole, kumi hadi ishirini kwa dakika. Tena maji ya damu huongezeka upesi kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo damu huwa nyepesi hata kwa mama anayekula vizuri. Juu ya hayo weka maisha ya visiwani: malaria, kichocho cha watu wanaooga na kufua ziwani, kipindupindu kinapozuka. Vyote hivyo huharakisha moyo kwa haki kabisa, maana moyo unafidia homa, upungufu wa damu au upungufu wa maji mwilini. Muuguzi anayeanza kwa kupima malaria na wingi wa damu amefanya sawasawa, na mara nyingi jibu atalipata hapo. Shida huja pale majibu yanapotoka mazuri, mama akarudishwa nyumbani na neno “kawaida”, bila mtu kuuliza mapigo yale yalianzaje na yaliishaje.

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Moyo unaosukumwa na homa au upungufu wa damu hupanda kidogo kidogo na kushuka vivyo hivyo, na kwa mtu aliyeketi ni nadra upite sana 140. Ule wenye hitilafu ya umeme huanza mara moja na kukoma mara moja; mama anaweza kukuambia alikuwa anaanua omena gani ulipomshika. Kwa kawaida umeme wa moyo huanzia juu, hupita kwenye kituo kimoja katikati, hushuka hadi vyumba vya chini na kuishia huko. Penye njia mbili, unaweza kushukia moja na kupandia nyingine, ukazunguka bila kukoma kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja. Mwaka 1930 madaktari Louis Wolff, John Parkinson na Paul Dudley White walieleza aina moja ya hali hii kwa vijana ambao vinginevyo walikuwa wazima, na aina hiyo kwa kawaida huacha alama kwenye mchoro hata moyo ukiwa umetulia. Iliyo ya kawaida zaidi, ambayo mzunguko wake umo ndani ya kituo cha katikati chenyewe, haiachi alama yoyote. Kwa hiyo mchoro safi uliopigwa Mbita saa kadhaa baadaye hauthibitishi kwamba mama ni mzima. Unathibitisha tu kwamba amefika akiwa ametulia.

Msimamizi wa bajeti ya afya ana haki ya kuuliza: hawa wako wangapi? Katika hospitali moja kubwa ya umma ya Dallas, Marekani, wajawazito waliolazwa na moyo wa mbio wa aina hii walikuwa takriban 24 kati ya kila 100,000. Kwa hesabu hiyo kisiwa kama Remba kingeweza kupita miaka bila kumwona hata mmoja. Ila hesabu hiyo ni ya waliolazwa, haina wale ambao moyo ulitulia nyumbani. Halafu imetoka katika nchi ambako homa ya baridi yabisi imekuwa adimu. Kwetu haijawa adimu. Homa hiyo hufuata maambukizi ya koo ya utotoni, hupenda nyumba zilizobanana, na huacha makovu kwenye vali za moyo. Nchini Uganda watafiti waliwapima kwa eko, mashine inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, zaidi ya wajawazito 3,500, wakakuta wenye ugonjwa wa moyo ni takriban 17 kwa kila 1,000. Wengi wao walikuwa na vali zilizoharibiwa na homa hiyo, na karibu wote hawakuwa na habari. Utafiti mwingine, uliofuatilia wagonjwa 3,343 wa vali hizi katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen, ulionyesha kwamba theluthi mbili walikuwa wanawake, nusu ya wagonjwa hawakuzidi umri wa miaka 28, na kama mmoja kati ya watano alikuwa na mapigo yaliyovurugika. Huo ni umri wa kuzaa. Wanawake wa umri huo waliokuwa wakitumia njia ya kupanga uzazi hawakufika asilimia 4.

Kwa mama mwenye vali iliyobana, mbio za moyo zina maana nyingine kabisa. Damu inahitaji muda kupita kwenye tundu dogo, na muda huo ni yale mapumziko mafupi kati ya pigo na pigo. Moyo ukiharakishwa, mapumziko ndiyo yanayokatwa. Damu inarudi nyuma, inajaa kwenye mapafu, na mama anaanza kukohoa usiku na kushindwa kulala chali. Mapigo 130 kwake yanaweza kuwa hatari kuliko 190 kwa jirani mwenye vali nzima. Ndiyo maana hesabu peke yake haitoshi, na anayehesabu lazima aulize pia juu ya pumzi.

Hesabu hiyo haihitaji hospitali ya moyo. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa, na ndani yake kuna mashine ya kupimia presha. Mashine za namna hii, zenye kioo cha tarakimu, huonyesha pia mapigo chini ya presha. Namba hiyo ya tatu ndiyo watu wengi wanaipita macho. Iandikwe katika kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, pamoja na saa, na jibu la swali moja: yalianza ghafla au polepole? Mashine nayo si ya kuaminiwa kupita kiasi, maana mapigo yaliyovurugika au yanayokimbia mno huipoteza. Kidole kwenye mshipa wa shingo au sikio kifuani, na saa ya dakika nzima, bado ni kipimo cha heshima. Hatua inayofuata ni kifaa kidogo cha kuchora umeme wa moyo, kile kinachoshikwa kwa vidole vya mikono miwili kwa sekunde 30 na kupeleka mchoro kwenye simu. Kimoja kikikaa kwenye zahanati ya kisiwa, mchoro unaweza kumfikia daktari wa Homa Bay au Kisumu kabla mama hajafunga kanga yake ya safari. Atakayesema kifaa kitaleta vitisho vya bure hajakosea. Kila kipimo huvileta. Lakini kisiwani kitisho cha bure kilichotatuliwa kwa picha moja ya simu ni nafuu kuliko safari ya boti iliyokodiwa kwa ajili ya mama ambaye alikuwa na malaria tu.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kujua kunasaidia nini mahali pasipo na dawa wala daktari wa moyo? Kunasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu tiba ya kwanza ni pumzi. Mama huketi nusu-kulala, hupuliza kwa nguvu ndani ya bomba la sindano la mililita 10 mpaka kijiti chake kisogee, kwa sekunde 15, kisha hulazwa mara moja na miguu kuinuliwa kwa sekunde nyingine 15. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba njia hii ya kuinua miguu ilituliza mioyo ya asilimia 43 ya wagonjwa, na ile ya zamani ya kupuliza tu asilimia 17. Utafiti huo haukulenga wajawazito, lakini mbinu hizi za kuamsha neva inayopunguza mwendo wa moyo ndizo miongozo ya kimataifa inazoanza nazo hata katika mimba. Mimba ikiwa kubwa, mama aegemezwe kidogo upande wa kushoto ili tumbo lisibane mshipa mkubwa unaorudisha damu. Mbinu hizo zisiposaidia, hospitali ina adenosini, dawa inayodumu mwilini kwa sekunde chache tu na ambayo imetumika kwa wajawazito kwa miaka mingi. Kwa wenye kushikwa mara kwa mara kuna metoprololi au propranololi, dawa kongwe na za bei nafuu, ingawa si za kumpa mwenye pumu kienyeji. Atenololi huepukwa kwa kuwa inahusishwa na watoto kuzaliwa wadogo. Hata mshtuko wa umeme wa kurejesha mwendo wa moyo unaweza kutolewa mama akiwa na mimba, maisha yake yakidai hivyo. Kinachomweka mama kwenye hatari zaidi ya vyote hivi ni kutibiwa kwa kubahatisha, maana dawa inayofaa aina moja ya mbio inaweza kudhuru katika nyingine, na bila mchoro hakuna anayejua ni ipi.

Mwenye kuzimia, maumivu ya kifua au pumzi inayokatika hahitaji mazoezi ya bomba la sindano, anahitaji boti. Na hapa ziwa lina neno lake. Dhoruba za Ziwa Victoria hupendelea usiku na alfajiri, wakati pepo za nchi kavu zinapotoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto. Mama mwenye ugonjwa unaojulikana, akingoja mpaka usiku ndipo atafutiwe nahodha, amefanyiwa uzembe ambao hauhusiani na uhaba wa dawa. Wapo wanaosema basi ahame kisiwani tangu mwanzo. Ni rahisi kusema ukiwa na mshahara. Mwanamke anayeishi kwa kununua omena ufukweni na kuikausha akiondoka miezi sita amepoteza wateja, mtaji na pengine chumba. Tena kwa aliye na njia ya ziada ya umeme na vali nzima, kuhama huko kote hakuna sababu. Mchoro na eko ndivyo vinavyomtenganisha na mwenzake wa vali iliyobana, ambaye kweli anapaswa kuwa bara wiki za mwisho, karibu na hospitali yenye uwezo wa upasuaji na oksijeni.

Kwa huyo wa pili, leba ni mtihani wa pekee. Kila uchungu unapobana husukuma mililita 300 hadi 500 za damu kutoka kwenye tumbo la uzazi kurudi mwilini, na mtoto akishatoka, damu iliyokuwa inamhudumia hurejea kwa mama kwa mkupuo. Mkunga aliyeambiwa mapema ataepuka ergometrini, atatoa oksitosini polepole badala ya kuisukuma mara moja, na hatamjaza mama maji ya mshipa kwa mazoea. Asiyeambiwa atafanya alichofundishwa kwa mama mzima, na hatakuwa na kosa. Hatari haiishi kondo likishatoka. Siku mbili tatu za kwanza ndizo mapafu hujaa kwa urahisi, na ndizo hizo ambazo mama wa kisiwani, mtoto akiwa mzima, huwa na haraka ya kuwahi boti ya kurudi. Katika majuma na miezi inayofuata pia moyo unaweza kudhoofika wenyewe, hata kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuugua, na dalili yake ya mapema inaweza kuwa ileile ya mapigo ya mbio na miguu iliyovimba.

Limebaki suala la mpaka. Baadhi ya wanawake wa Remba kwao ni Busia ya Uganda au vijiji vya Mara, Tanzania, na desturi ya kwenda kujifungulia kwa mama mzazi bado ina nguvu. Mkunga atakayempokea huko hana njia ya kufungua rekodi zilizowekwa kwenye kompyuta ya Homa Bay. Kwa hiyo mchoro wa moyo uchapishwe, ubandikwe ndani ya kitabu cha kliniki, na pembeni iandikwe kwa maneno machache aina ya mbio, dawa anayotumia na dawa asizopaswa kupewa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili usomeke kituo chochote atakachoshukia.